Mara ya Tatu ya Riziki

Riziki mwanangu,

Naingia zamu ya mchana hotelini. Mchuzi wa pweza umo kwenye friji. Mbakishie baba yako. Nguo zianue.

Asubuhi nilikufokea uliposema unataka kufanya mtihani wa kuingia chuo mara ya tatu. Ukaniuliza, "Kwani Mama, leseni ya udereva ya hapa Doha uliipata mara ya ngapi?" Baba yako akacheka mpaka chai ikampalia. Ya tano, haya! Umekwenda shule ukaniacha nimenuna, maana ulisema kweli.

Mara ya pili alama zako zilipanda. Basi jiandikishe leo, ndiyo siku ya mwisho. ~~Ya nne sitaki kuisikia.~~ Ya nne tutazungumza.

Mama