Maelezo ya Mjane wa Twaibu Kuhusu Nywele na Kinyozi Ambilikile

KITUO CHA POLISI TUNDUMA
19 Agosti 2013, saa 4:20 asubuhi

Jina: Fauzia Ashraf
Umri: miaka 37
Dini: Mwislamu
Kazi: kushona nguo
Makazi: Mtaa wa Sogea, Tunduma, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Mbeya

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimekubali kueleza ninayoyajua.

Mimi ni mjane wa Twaibu, aliyekuwa na duka la vipuri vya malori hapa Tunduma. Niko ndani ya eda na sikupaswa kutoka nyumbani. Nimetoka kwa sababu kinyozi Ambilikile amevunjwa mkono kwa jambo ambalo hakulifanya, na anayelijua ni mimi peke yangu.

Mume wangu alianza upara mapema. Wateja wake Wazambia walimwita "shikulu", yaani babu, na yeye alikuwa na miaka arobaini na nne. Alicheka nao. Akirudi nyumbani alisimama mbele ya kioo cha kabati, akazivuta nywele za pembeni kuja mbele, kisha akaniuliza, "Mama Mariam, sasa je?" Nilimwambia anapendeza, na ilikuwa kweli.

Mnamo tarehe 20 Machi 2013 alisafiri kwenda India. Watu aliwaambia anafuata vipuri. Alikwenda kupandikizwa nywele. Walizitoa kisogoni, wakazipanda mbele. Aliniomba nisimwambie mtu yeyote, hata kaka yake Yahaya, na sikumwambia mtu mpaka leo hapa.

Aliporudi mwanzoni mwa Aprili alivaa kofia ya sufu muda wote. Aliniambia daktari alimwonya kwamba kichwa kitashtuka, kwamba hata nywele zake za asili zinaweza kuanguka, kisha baada ya miezi kadhaa zitaota tena. Alinieleza hayo tukiwa tunakunywa chai, kwa furaha, kama mtu anayeeleza mvua itakavyokuja.

Mwishoni mwa Aprili alikwenda kwa Ambilikile kupunguza ndevu. Nilikuwa naye, nikimsubiri kwenye benchi. Ambilikile akamtania, "Bosi, hiyo kofia imeota mizizi?" Twaibu akamjibu, "Wewe nyoa kidevu, huko juu hakukuhusu." Wakacheka. Kofia haikuvuliwa. Alipomaliza, Ambilikile alizikusanya ndevu, akazifunga kwenye gazeti, akampa. Hufanya hivyo kwa kila mteja, kwa sababu hapa mpakani watu hawapendi kuacha nywele zao nyuma, wanaogopa zisichukuliwe kwa uchawi.

Wiki hiyohiyo nywele zikaanza kuanguka. Zilianguka zilizopandwa na zile alizozaliwa nazo. Kila asubuhi niliziona juu ya foronya. Nywele hazitupwi ovyo, kwa hiyo niliziokota, nikaziweka ndani ya lile gazeti la ndevu. Nilikusudia kuzifukia nyuma ya nyumba. Siku zikapita, nikashindwa. Gazeti nikaliweka chini ya godoro upande wangu.

Nilimkumbusha maneno ya daktari. Alisema, "Daktari yuko India, mama Mariam. Kichwa kiko hapa." Akaacha kukaa mbele ya duka. Watu walianza kunong'ona kwamba nywele zake zimechukuliwa.

Siku ya pili baada ya Idi alishikwa na homa. Nilimsihi twende hospitali. Alikataa. Alisema, "Watanivua kofia. Nusu ya wodi ni wateja wangu." Nilimnunulia dawa dukani. Mnamo tarehe 12 Agosti alfajiri alianza kusema maneno yasiyoeleweka, nikaita teksi. Alifariki njiani. Mkono wake ulikuwa juu ya kofia.

Nyumbani niliomba nishiriki kumwosha, nikaruhusiwa. Yahaya alimimina maji, mimi nikamvua kofia. Mbele ya kichwa, na pembeni pia, nywele zilikuwa zimeanza kuota. Zilikuwa laini, fupi, kama za Mariam alipozaliwa. Nilizipitishia kiganja. Yeye alikuwa ameacha kutazama kioo tangu Juni, nami alinikataza kumgusa kichwa. Yahaya naye alikuwa hapohapo. Kama hakuziona, basi ni kwa sababu alikuwa analia.

Mnamo tarehe 15 Agosti, baada ya kisomo cha adhuhuri, wifi yangu Pili alitandika upya kitanda, akalikuta lile gazeti. Yahaya alilitambua. Alisema mbele ya watu, "Hili limefungwa na Ambilikile. Mdogo wangu aliingia pale na nywele, akatoka bila nywele." Nilimwambia, "Shemeji, hizo nimeziokota mimi." Akajibu, "Wewe uko edani, kaa ndani." Akatoka na vijana. Kwa Ambilikile si mbali na kwetu, nilisikia vioo vikivunjika. Moshi ulikuwa wa kile kiti chekundu cha kunyolea ambacho mume wangu alikikalia miaka yote.

Kuhusu nani alimpiga Ambilikile, sikuona, na sitasema nisichokiona. Aliyeondoka na gazeti mkononi ni Yahaya. Nilimwona kutoka dirishani.

Jana Yahaya aliniambia nikija hapa nisirudi nyumbani kwao. Nimekuja na Mariam na cherehani.

Ninamwomba mume wangu anisamehe kwa kuitoa siri yake. Sina la kuongeza wala la kupunguza katika haya niliyoyasema.

Sahihi ya shahidi: F. Ashraf

Mimi, Koplo Lusungu, nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi, naye amekiri ni sahihi. Shahidi ameomba arudishiwe gazeti lenye nywele, lililokamatwa na polisi, akalifukie. Nimemweleza kwamba ni kielelezo na litabaki kituoni hadi kesi iishe. Ameuliza kama linawekwa mahali pakavu. Nimemwonyesha kabati.