Zamu ya Kwanza

Shule ya Useremala,
Njia ya Bahati, Nakuru.
Jumapili, 13 Februari 1955

Kwa dada yangu Jerop,

Pokea salamu zangu nyingi uzigawe hapo nyumbani: kwa Baba, kwa Mama, na hata kwa yule mbuzi wako mwenye pembe moja, ikiwa bado hamjamla. Natumaini kifua cha Mama kimepoa na ng'ombe wanapata maji, maana huku jua limekausha kila kitu. Mimi mwili ni mzima. Ila usiucheke mwandiko huu, wewe uliyekuwa ukinishinda imla.

Anayekuletea barua hii ni Kipkemboi, mwanafunzi wa hapa, anayepanda basi la Ravine kesho asubuhi. Mpe chai. Kisha msomee Baba kuanzia hapa, polepole, mpaka utakapoona nimepiga mstari. Chini ya mstari ni maneno yako peke yako.

Baba, mdogo wangu Kipketer ameumia. Yuko hai, anakula, anaongea. Ni jicho la kushoto. Alipigwa na mpira Jumamosi ya wiki iliyopita, na sasa amelazwa hospitali ya serikali hapa mjini. Daktari anasema jicho hilo limekufa na lazima litolewe, maana likiachwa ugonjwa wake unaweza kuvuka ukalishika na la kulia, mtoto awe kipofu kabisa. Alitupa siku kumi na nne. Nane zimekwisha. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya ruhusa. Tafadhali weka kidole gumba chako penye alama ya msalaba, umrudishie Kipkemboi aje nayo Jumatano.

Utauliza ni mpira gani unaotoa jicho. Bwana Lundy, yule Mmarekani anayetufundisha useremala, alituletea mchezo wa kwao, nasi tunauita mpira wa rungu. Mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi, mwingine anasimama mbele yake na rungu. Ukiupiga unakimbia kuzunguka magunia manne, ambayo sisi tumeyajaza unga wa mbao. Watu tisa wanapiga kwa zamu, na zamu hizo zinaandikwa kwenye karatasi kabla ya mchezo. Anayeandika ni kepteni, na kepteni ni mimi. Zamani wa kwanza alikuwa Kang'ethe, lakini mwezi uliopita askari walikuja na lori wakamchukua kwenda kuhojiwa. Hajarudi, na hapa hakuna anayethubutu kuuliza. Ndiyo maana ilibidi zamu zipangwe upya tulipokuwa tunangoja kucheza na vijana wa reli. Bwana Lundy anasema mwenye mbio ndiye hutangulia. Kipketer anatushinda sote kwa mbio, kwa hiyo alisimama wa kwanza. Ilikuwa ajali, Baba. Hakuna wa kulaumiwa.

____________________

Jerop, sasa kohoa kidogo umwambie Baba barua imekwisha. Haya mengine soma kwa macho tu.

Baba atauliza ilikuwaje mdogo akatangulia mkubwa. Unamjua. Swali hilo limeninyima usingizi kuliko jicho lenyewe, na ninaona aibu kuliandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Anayewarushia vijana wa reli anaitwa Joash Owuor. Kazi yake ni kupigilia misumari ya reli kwa nyundo, kutwa nzima, na mkono wake ni kama mguu wa mtu mwingine. Wiki moja kabla ya mchezo alikuja hapa kutuonyesha. Akarusha mpira kwenye mlango wa stoo, na ubao ukapasuka katikati. Mlango ule niliutengeneza mimi, Jerop. Ubao ule naujua unene wake, inchi moja kamili. Siku hiyo nilikwenda chooni mara tatu.

Tulipokaa kupanga zamu, wenzangu hawakutaka habari ya mbio. Walisema tupangane kwa umri, kama tulivyopangwa siku ya tohara, mkubwa mbele. Hata wale wawili waliotoka upande wa Kisumu walikubali, kwa kuwa kwao pia mkubwa ana heshima yake. Mkubwa wa wote ni mimi. Nikaandika jina langu namba moja mbele ya macho yao, Alhamisi. Ijumaa mchana, wakati wengine wanakula, nikaichana karatasi ile nikaandika nyingine. Kipketer wa kwanza. Mimi wa tisa, kwa hesabu kwamba zamu ikifika kwangu mkono wa Owuor utakuwa umechoka.

Niliposoma majina, wote waliuliza ile ya Alhamisi iko wapi. Nikawaambia kwamba ukubwa hauna kazi katika mchezo, kwamba lazima tufuate maarifa ya mwalimu wetu. Bwana Lundy akapiga makofi, akasema huyu ndiye kiongozi asiyejitafutia makuu. Wenzangu nao wakanisifu. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kipketer peke yake hakusifu. Alinifuata mpaka kwenye rundo la mbao akaniambia, "Hapana, kaka. Mimi siwezi tangulia wewe." Nikamwambia huu ni mchezo tu, si tohara. Akanitazama, kisha akasema, "Sawa. Kama umesema."

Unakumbuka Baba alivyokuwa akituvusha Perkerra mto ukijaa? Mimi mbele, Kipketer katikati, wewe mgongoni kwake. Nilimwuliza mara moja kwa nini kila siku niwe wa kwanza kulowa. Akasema mkubwa hatangulizwi ili apewe heshima, anatangulizwa ili kama kuna shimo, limpate yeye. Wenzangu hapa wanadhani nilimpa mdogo wangu heshima. Mimi nilijua ninachompa.

Jumamosi upepo ulikuwa unaleta lile vumbi jeupe la ziwa. Owuor alirusha mpira wa kwanza kabisa wa siku hiyo. Sijui kama Kipketer hakuuona kwa sababu ya vumbi au alikataa kuinama watu wasimwone mwoga. Nilisikia mlio kama wa nyundo ya mti ikigonga ubao mbichi. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, na kabla ya huzuni, kabla ya kusimama, kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwangu kilikuwa shukrani. Sikuwa mimi. Nilishukuru, Jerop. Kisha ndipo nikakimbia.

Owuor huja hospitali kila jioni na mkate na sukari, anasimama mlangoni. Analia, anasema, "Ndugu yangu, mpira iliniponyoka. Haki ya Mungu iliniponyoka." Kila mtu anamtazama vibaya, na mimi namwacha atazamwe. Kipketer naye alimwambia Bwana Lundy kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba zamu ya kwanza. Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda wakati anasema hivyo. Sikufungua mdomo.

Na kuna jingine. Daktari hakutaka kidole cha Baba. Aliniuliza kama mimi ni kaka yake mkubwa na kama nimepita miaka ishirini na moja, akasema basi naweza kutia sahihi. Nikamjibu kwamba kwa desturi yetu ni baba peke yake anayeweza. Niliogopa, ikiharibika, iwe jina langu. Ningoje hapa kwanza, kengele ya kuwaona wagonjwa italia saa nane.

Nimerudi. Sasa ni saa kumi na moja, na sijui niandikeje.

Nilimkuta ameketi, kitambaa usoni. Nikamwambia karatasi inakwenda kwa Baba. Akasema bila hasira yoyote, "Kaka, niliona mikono yako ikitetemeka siku ile ya mlango. Nikasema wacha niende." Kumbe alijua tangu mwanzo! Nilishindwa kumtazama, nikatazama shuka. Ndipo nikaona na yeye anatetemeka. Mtoto ambaye hakupepesa siku ya kisu anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Akanishika mkono wa shati akaniomba, "Hiyo chumba ya kutoa macho, tangulia wewe uione. Halafu ukuje uniambie iko namna gani."

Nilitoka nikaitoa karatasi kwenye bahasha hii, nikatia sahihi mbele ya nesi wa zamu. Watafanya Jumanne saa tatu asubuhi. Nesi ameniruhusu kuingia kwanza, nikatazame meza na taa na vyombo vyote, kisha nitoke nimchukue.

Kwa hiyo usitafute karatasi ndani, haimo. Mstari ule nimejaribu kuukwangua kwa wembe, utaona karatasi imechubuka. Msomee Baba yote, kuanzia juu mpaka jina langu. Yale ya uongo yasome vilevile, asikie nilivyotaka kumfanya. Usiruke mahali pa choo. Na akisimama katikati, mngoje akae, kisha endelea. Nimemwogopa Baba tangu nizaliwe na sasa namwogopa zaidi, lakini mzigo huu sitamwachia Kipketer aubebe tena.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe atabaki na jicho moja zuri. Wasalimie majirani na wote wanaoniulizia. Jumanne saa tatu, popote mtakapokuwa, tuombeeni. Mlango utakapofunguliwa nitaingia mimi mbele, na Kipketer nyuma yangu.

Ni mimi, mkubwa wenu,
Kiptanui