Dirisha la Majuto

Brezina, Nebraska
Jumapili, 27 Aprili

Kwako Dada Rosalie,

Kwa huzuni kubwa, nikiwa nimeinamisha kichwa, nachukua nafasi hii kukutangazia kifo cha masharubu yangu, kilichotokea Jumamosi ya wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, mbele ya kioo cha bafuni. Marehemu aliishi miaka ishirini na sita. Ameacha mdomo wa juu mmoja, mweupe kama tumbo la samaki. Darla mke wangu alipouona alisema nimefanana na kiazi kilichomenywa na mtu mwenye haraka. Mazishi yamefanyika kwenye sinki.

Baada ya msiba huo, hujambo dada yangu? Shemeji Gene naye, goti lake limeshakubali kupanda ngazi? Na huko Tucson joto limeanza kuwachoma, au bado mnatutumia picha za maua ili mtukere sisi tuliokwangua barafu kwenye vioo vya magari juzi tu? Huku hatujambo. Mama hajambo kabisa, na neno hilo nataka ulisome mara mbili kabla hujaendelea. Leo asubuhi alikwenda kanisani kwa miguu na kurudi kwa miguu, na njiani akaniuliza mbona najikokota.

Sanduku la machungwa nimelipata, pamoja na kile kikadi ulichoandika kwamba bila mdogo wako huyu Mama asingefanyiwa upasuaji. Darla ameshakula manne. Mimi hata moja halijanipita kooni, na barua hii ni ya kukueleza kwa nini. Ningekupigia simu, lakini unanijua: nikishika simu nageuka wakala wa bima, nachangamka, naulizia hali ya hewa, na tunaagana kabla sijasema kitu. Karatasi haina hali ya hewa.

Wewe uliambiwa kwamba upasuaji ulichelewa kwa sababu ya mvurugiko kwenye kompyuta za bima. Hakukuwa na mvurugiko wowote. Kompyuta zilifanya kila nilichoziambia.

Najua miaka yote umenicheka kwamba nauza karatasi kwa watu wenye karatasi za kutosha. Nivumilie kidogo, maana usipoijua kazi hutajua nilikosea wapi. Sisi tunaohudumia wazee, kazi yetu ni ya madirisha, yaani vipindi ambavyo mtu anaruhusiwa kujiandikisha au kubadili bima. Mtu akikaribia miaka sitini na mitano hufunguliwa dirisha lake la kwanza, miezi mitatu kabla ya mwezi aliozaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ndiyo maana nina lile daftari la siku za kuzaliwa, na Darla husema mimi nakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mzee wa wilaya hii isipokuwa ya mke wangu. Anayehama jimbo, au anayepoteza bima ya kazini, hufunguliwa dirisha lake peke yake. Kisha lipo dirisha kubwa la wote, Oktoba 15 mpaka Desemba 7, ambalo kwetu ni kama mavuno ya mahindi: hatuli vizuri, hatuogi vizuri, na simu hailali. La mwisho ni la Januari mpaka mwisho wa Machi, kwa yule aliyeingia kwenye mpango wa kampuni akaona amepotea njia. Hilo mimi huliita dirisha la majuto. Nilikuwa naliita hivyo ili kuwachekesha watu.

Wakati wa dirisha kubwa huwa nawakusanya wazee kwenye ukumbi wa kanisa. Sheria inaniruhusu kuwapa kahawa na vitafunio, lakini si mlo, ili mtu asije akanunuliwa kwa sahani. Kolache, vile vimkate vyetu vitamu vya matunda, zinapita. Msimu uliopita Bi Hattie Dvorak alikuja na sufuria nzima ya bata na madonge ya unga, ikabidi nisimame mlangoni kama polisi, naye akaniuliza mbele ya watu wote ni bata gani huyo awezaye kumpotosha mwanamke wa miaka themanini na mmoja aliyezika waume wawili.

Sasa Mama. Tangu alipotimiza sitini na mitano alikuwa na Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, na juu yake bima ya nyongeza iliyolipa kile kilichobaki. Kwa mpangilio huo alikuwa huru kwenda karibu kwa daktari yeyote, na ndivyo alivyofika kwa Daktari Iyengar wa Omaha, ambaye ameusikiliza moyo wake kwa miaka sita. Desemba 5 mimi nilimtoa huko nikamwingiza kwenye mpango wa kampuni moja binafsi, unaochukua nafasi ya bima zote mbili, wenye miwani na meno ndani yake, lakini pia wenye orodha ya madaktari wake wenyewe. Kila mteja wangu, kabla hajatia saini, namuuliza maswali mawili: daktari wako ni nani, na dawa zako ni zipi. Kisha naipitia orodha jina kwa jina. Mama sikumuuliza lolote. Mganga hajigangi, dada, na kumbe hata mama yake hamgangi.

Jumatano ya Februari 26 nilipigiwa simu na ofisi ya Daktari Iyengar. Vali ya moyo ya Mama ilikuwa imekakamaa, lazima ibadilishwe, na wasingependa kungoja sana. Tatizo ni kwamba daktari hakuwamo kwenye orodha ya ule mpango. Aliyekuwamo alikuwa na nafasi mwezi Juni. Dirisha la majuto lilikuwa wazi, hilo nililijua, na kupitia hapo Mama angeweza kurudi kwenye bima ya serikali. Lakini ile nyongeza? Ikishapita miezi sita ya mwanzo tangu mtu aanze Medicare, kampuni ina ruhusa ya kumchunguza mtu afya yake na kumkataa. Na nani atamkatia bima ya moto mwenye nyumba inayowaka? Bila nyongeza, bili za hospitali zingemmeza yeye na nyumba yake.

Basi nikafanya alichofanya Adamu bustanini: nikajificha. Alhamisi na Ijumaa nilitundika mlangoni kibao cha kwamba nimetoka, nami nimo ndani nakula biskuti. Mama alipopiga simu nilimwambia nafuatilia. Jumapili sikuenda kanisani.

Jumatatu, Machi 3, nikaenda maktaba kwa Mwalimu Brabec. Unamkumbuka. Alikufundisha hesabu wewe ukapata tuzo, akanifundisha mimi akapata shinikizo la damu. Siku hizi kila Jumatatu anakaa pale kuwashauri wazee bure juu ya bima, hauzi chochote, na sisi mawakala tukimwona tunavuka barabara. Nilimwambia yote. Akaniuliza jambo moja tu, kama Mama aliwahi kuingia kwenye mpango wa kampuni kabla ya huu. Hajawahi. Akafungua kitabu cha serikali, akaweka rula chini ya mstari, akaniamuru nisome kwa sauti. Nikasoma kwamba anayeacha bima yake ya nyongeza kwa mara ya kwanza ili ajaribu mpango wa namna ile ana mwaka mmoja wa kurudi alikotoka, na kampuni yake ya zamani, ikiwa bado inauza bima ile ile, haina budi kumpokea bila kumuuliza habari za moyo wake wala figo zake.

Mstari huo naukariri ukumbini kila Oktoba, dada. Naukariri kama mtu anayesali midomo ikienda na akili iko kwenye kolache.

“Milton,” akasema, “tangu darasa la tano hujawahi kusoma swali mpaka mwisho. Inuka ukajaze fomu.”

Nilitoa machozi palepale, mbele ya vitabu vya kilimo cha nyanya. Fomu zilichukua dakika arobaini. Machi 12 kampuni ya zamani ikajibu kwamba inampokea Mama kama alivyo. Aprili mosi bima yake ikaanza, Aprili 9 wakampitishia vali mpya kwa mshipa wa mguu, na baada ya siku mbili akawa nyumbani analaumu jinsi nilivyopanga vikombe. Daktari Iyengar alipotoka kuniambia kwamba vali inafunguka na kufunga vizuri, niliketi kwenye kiti cha mtu mwingine, juu ya koti lake. Sijawahi kuomba radhi kwa furaha namna ile.

Lakini yapo mawili sijakuambia, na ndiyo yaliyonikalisha mezani tangu mchana.

La kwanza: ombi la kurudi likipokelewa mwezi huu, huanza kazi tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Ningemfuata Mwalimu Brabec nyumbani kwake ile Alhamisi ya Februari, au hata Ijumaa, yote yangeanza Machi mosi. Biskuti zangu zilimgharimu Mama mwezi mzima. Mwezi huo alilala ameketi kwenye kiti kwa sababu akijilaza pumzi inamkataa, na kila mara akaniambia pole kwa usumbufu.

La pili ni kwa nini nilimhamisha. Jioni ile ya Desemba 5, nilipokwisha kuusifu ule mpango ukumbini, mzee Emil Vondra alisimama, kofia mkononi, akauliza, “Kijana, mpango mtamu hivyo, mama yako umemtia?” Nikamjibu bila kupepesa, “Mama yangu yumo humo humo, Bwana Vondra.” Hakuwamo. Watu wakapiga makofi, na tisa wakapanga foleni kujiandikisha. Emil hakupanga. Nikakusanya vitu vyangu, nikaendesha gari moja kwa moja mpaka kwa Mama ili niugeuze uongo uwe kweli kabla haujapoa. Alikuwa anamenya tufaha. Nikamweleza miwani, nikamweleza meno. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema ndiyo. Akafuta mikono, akatia saini.

Wale tisa, kabla Machi haijaisha, niliwapigia mmoja mmoja na kuwauliza yale maswali mawili upya, maana siku ile niliyauliza mbiombio. Wawili walirudi walikotoka. Saba wameridhika, na mmoja wao amenionyesha meno yake mapya bila kuombwa.

Mama nilimwambia Aprili 10, siku iliyofuata upasuaji, kando ya kitanda cha hospitali. Nilimwambia yote, Emil, makofi, Ijumaa ya biskuti. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakula jeli yake ya kijani kwa kijiko cha plastiki.

“Nilijua,” akasema. “Emil alinipigia simu kabla gari lako halijaingia uani. Alitaka kujua huo mpango wangu nauonaje.”

Nikamuuliza alimjibu nini.

“Nilimwambia ni mzuri sana. Halafu wewe ukaja na makaratasi yako, unatoka jasho Desemba. Sasa ningefanyaje, Milton? Nikuache uwe mwongo mbele ya kanisa zima?”

Kisha akaniuliza kama ile jeli nyingine kwenye trei ina mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, dada yangu. Msalimie sana Gene, na majirani zako wale wa upande wa kaktasi. Darla anakusalimu, Mama naye anasema usijisumbue kuja mpaka joto la huko likufukuze. Chochote utakachoniandikia nitakisoma nimesimama, na safari hii nitasoma mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Milton Kovarik