Mukono Wangu Ulikuwa Unasema Nini?

Mupendwa bibi yangu Numbi,

Ikala chini kwanza. Nakujua: hii barua unaisoma umesimama, na macho yako ilishakimbia ku mustari wa mwisho kuangalia kama nimesema nini. Rudisha macho hapa juu. Nimeandika kwa sababu ku telefoni hii maneno haiwezekani. Ku telefoni nikisema tu "Numbi, miye nili...", weye ulishajibu. Karatasi haikatwi maneno. Leo utanisikiliza mupaka mwisho, kwa sababu niko na mashaka na weye, mashaka ya kweli, na usicheke.

Unakumbuka vile nilikufunza salsa? Hapa Kashikishi, pale ku muchanga fasi bamama banaanikaka chisense, bale samaki badogo. Samaki ilikuwa ilishatolewa, muchanga unanuka, na miye nimetoka Lubumbashi na viatu vyangu vya kuchongoka, najiona mwalimu mukubwa. Nilikuambia, "Funga macho. Mwanaume anaongoza, mwanamuke anafuata. Usifikiri kitu, sikiliza mukono wangu tu." Ukafunga macho. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikainua mukono wako, na weye ukazunguka vizuri, ukarudi mu kifua changu bila kunikanyaga. Mara ya kwanza kabisa! Nikajiuliza mu roho: huyu mutoto ana kipaji, ao miye njo nina mukono wa ajabu? Nikachagua jibu la pili. Ukaniambia, "Unaongoza muzuri sana." Numbi, kwa ile sentensi moja nilikuoa.

Tena batu balituharibu na sifa. Kila ndoa, tangu huku Kashikishi mupaka Nchelenge, banatuita tufungue dansi. Miye mbele na shati jeupe, weye na ile robe ya kijani, na bamama banapiga vigelegele. Mutu akiuliza siri ni nini, nilikuwa nasema, "Ni kuongoza tu. Bibi akiongozwa muzuri, anakwenda." Na weye unainamisha kichwa, unatabasamu kidogo. Ile tabasamu siku hizi inaninyima usingizi.

Sasa sikiliza yenye ilitokea tangu uvuke ziwa kwenda kwa mama yako ku Pweto. Kulikuwa ndoa hapa Kashikishi, na baliniita kama kawaida. Nikasema bibi hayuko. Bana Chola akasimama. Unamujua, ule mama Mubemba wa kuuza samaki ya kukausha, mwenye analetaka mihogo yake ku mashine yangu ya kusaga. Kumbe mu ujana wake alicheza salsa kule Ndola, miaka mingi. Bwana yake alikuwa pale pale, anakula, kwa hiyo acha mawazo mabaya. Leo zamu ya mashaka ni yangu.

Muziki ukaanza. Nikainua mukono wake ili azunguke. Akabaki amesimama.

"Zunguka, mama," nikamunong'oneza.

"Mukono haukusema zunguka," akajibu.

Bon. Nikajaribu ingine, ile ya kumufungulia mwenzako njia apite mbele yako aende upande wa pili. Nikasogea kando, kama vile nafanyaka siku zote. Hakupita. Aliniangalia tu. Nikarudi, yeye njo akaanza kusogea, tukagongana vipaji vya uso mbele ya bibi arusi na bwana arusi na kwaya nzima. Batu balicheka, Numbi! Mutu moja kule nyuma alilia machozi.

Tulipoikala, Bana Chola akanipangusia jasho na kitenge chake, na huruma, kama vile unamupangusia mugonjwa. "Awe, ba tata," akasema na Kibemba chake, ni kusema hapana, baba. "Bibi yako alikuwa anafanya namna gani?"

"Alikuwa anafuata."

"Hapana. Ule mama njo alikuwa anaongoza. Weye ulikuwa unabebwa."

Nilikasirika mupaka nikaacha chakula. Nikamuambia hajui kitu, mwanamuke wa kufuata muzuri anajua mwenyewe fasi ya kwenda. Akakataa na kichwa. Akasema mwenye kufuata muzuri hatangulii, anangoja. Usipomuambia kitu, hafanyi kitu. Na mukono peke yake hausemi: maneno inatoka ku kifua, inapita mu bega, mukono unaipeleka tu. "Weye unavuta kidole," akasema, "sawa mutu anaita mbuzi."

Kesho yake nilifunga mulango wa mashine, nikacheza peke yangu mu vumbi la unga, mukono juu, naangalia kama unasema kitu. Haukusema. Ni mukono tu, na unga ku kucha.

Tangu ile siku nimekuwa polisi wa maisha yetu. Nachukua kumbukumbu moja moja, naigeuza, naichungulia chini. Ile ndoa ya Mwansabombwe, unakumbuka? Tulikuwa tunacheza inje, ku udongo, na miye nikaingiza muguu mu shimo. Nilikuwa naanguka, Numbi, miye mwenyewe nilijua. Lakini weye ulipita nyuma yangu, ukazunguka mara mbili, ukanikamata kiwiko, na nikajikuta nimesimama wima upande wa pili, batu banapiga kelele kama tumefunga goli. Nilinyoosha mikono kupokea sifa. Leo najiuliza: ile ya kuzunguka mara mbili nilikufunza lini? Sijawahi kuijua! Mukono wangu uliwezaje kukuomba kitu chenye kichwa changu hakina?

Na mashaka ni moto wa majani, hayakai fasi moja. Yalitoka ku dansi yakaingia mu nyumba. Mashine ya kusaga, nani aliamua tuihamishe tuiweke ku barabara? Miye. Nilikuamsha asubuhi na furaha: "Numbi, nimepata wazo!" Ukasema, "Eh, bwana, una akili." Lakini jana yake, wakati unakwaruza sufuria, uliuliza, "Hivi bale batu ba barabarani banasagaka wapi?" Ukauliza na ukanyamaza, na ukaendelea kukwaruza sufuria yako! Bazee hawakudanganya, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nafika fasi yenye inauma.

Siku yenye mama yako alivunjika mukono na habari ikavuka ziwa mupaka huku, uliikala ku kibaraza na uliniuliza, "Mama atapika na mukono gani?" Ukanyamaza. Nilizunguka kiwanja, nikarudi, nikapanua kifua na nikasema, "Enda ku Pweto. Miye nitabaki na mashine." Niliona nimefanya kitu kikubwa, bwana wa kweli anamuachilia bibi yake. Ukasema, "Nimesikia, bwana." Na niliingia ndani kukutafutia mufuko. Mufuko ulikuwa ulishafungwa, Numbi. Vitenge vilikunjwa, viatu viko juu. Ile saa sikuona ajabu. Nilisema tu, bibi yangu ana mikono myepesi.

Leo naona ajabu. Nani alisema "enda"? Ulienda kwa mama, ao ulienda inje ya hii nyumba? Ulichoka kunibeba? Nauliza wazi na nataka jibu, usinitumie kicheko.

Kwa sababu kuna ingine. Ule ujumbe wa sauti wenye ulituma juzi nimeusikiliza mupaka batri ikakufa. Unasema, "Mama alishapona, sasa anatwanga mwenyewe. Unaamua namna gani, bwana? Nirudi, ao nibaki? Ni weye wa kuamua." Na kwa nyuma, Numbi, kuna muziki. Si wa kanisa. Ni salsa, naijua hata usingizini. Na kuna sauti ya mwanaume anacheka. Nani? Kaka yako hachezi, ana goti baya. Jirani? Mutu wa kwaya? Ana mukono wenye unasema? Nina wivu, nasema bila haya, wivu wa kunikosesha ugali. Naogopa kwamba umepata mutu mwenye akikuongoza unapumuzika, unafunga macho kweli, na unaona maisha yote na miye ilikuwa kazi.

Na lile swali lako lenyewe silielewi. "Ni weye wa kuamua." Hii ni mara ya kwanza uniulize waziwazi. Uko unangoja kweli, ao muguu ulishasogea na unataka tu nijione nimeamua? Nikisema rudi, nitajua namna gani kwamba ni miye nimesema? Nikisema bakia, si njo yenye ulitaka? Nilishindwa kujibu. Ulifikiri nina kiburi. Nilikuwa na woga.

Basi nilirudi kwa Bana Chola. Nilimupata soko, nikamuambia anifunze. Akasema, "Kwanza utafuata. Miye nitaongoza." Mbele ya batu! Wauza samaki balikuja kuangalia, banapiga makofi, mwanaume mukubwa na ndevu anaongozwa. Bwana yake njo alishika redio.

Kufuata ni ngumu, Numbi. Hakuna mutu aliniambia. Unasimama na uzito wako ku muguu moja, haujui unaenda wapi, na kila kitu mu mwili kinapiga kelele "enda, enda, utaaibika." Mara mbili nilizunguka bila kuambiwa. Akanisimamisha. "Juu ya nini ulikimbia?" Nikasema, "Niliona unanyamaza, nikaogopa batu banatuangalia, nikafanya tu kitu." Akacheka mupaka akashika meza.

Nilisikia maneno yangu mwenyewe. Hii ni jibu, ao si jibu? Labda pale Mwansabombwe ulifanya tu kitu, juu batu balikuwa banatuangalia na bwana wako alikuwa mu shimo. Labda pale ku kibaraza ulisimama ku muguu moja ukingoja niseme kitu chochote, na miye nikazunguka kiwanja. Ao labda nakutetea bure na ule mwanaume wa Pweto anacheka vizuri kupita miye. Sijui. Mashaka hayajaisha, yamegawanyika tu: nusu ni juu yako, nusu ni juu yangu.

Lakini kitu moja nimekifunza, na jasho. Bana Chola anasema neno linatumwa mbele ya hatua, si wakati wa hatua. Linatumwa moja tu, wazi. Kisha unanyamaza na unamuacha mwenzako atembee na miguu yake. Usimusukume, usimuvute, usiseme mara ya pili. Mara ya kwanza nilipofaulu, alizunguka polepole, akaniangalia, akasema, "Ee mukwai, ndiyo mukubwa. Sasa nimesikia." Nilitaka kulia, na haukuwa pale kuona.

Kwa hiyo hili ni neno langu. Sijaulizwa na sufuria. Hakuna mutu amenitayarishia mufuko. Limetoka ku kifua changu, kabisa kabisa.

Rudi.

Sitakuambia nyumba ni chafu, hata kama ni chafu. Sitakuambia mashine inahitaji mutu wa pili. Nakupenda na nataka uwe hapa, hata kama umechoka, hata kama tukicheza tutagongana mupaka tutoke nundu. Na kama hautaki, kataa wazi, simama tu usizunguke. Nitaelewa. Itaniua kidogo, lakini nitaelewa, na sitakuuliza mara ya pili.

Hii barua itavuka na boti ya kesho, na kule itazunguka kidogo kabla ya kukufikia, juu nitamupa ule muuza sabuni na yeye anasimamaka kila fasi. Nitangoja. Nimeshafunzwa kungoja.

Lakini Numbi, kama kesho saa ya boti nitashuka ku bandari kutuma barua, na nikakuta weye uko unatoka mu boti ile ile, mufuko ku kichwa, haujasoma hata mustari moja, basi kesi imekwisha. Nitajua nani alikuwa anaongoza tangu siku ya kwanza. Nitachana hii karatasi, nitakupokea muzigo, na mbele ya batu nitasema ni miye nilikuita.

Na weye utainamisha kichwa.

Ni miye bwana yako, huku Kashikishi, mwenye mukono wa kujifunza kusema