Sarafu ya Waoreski

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kusafisha ghorofa mbili za ofisi pale Schuman, nimerudi mapema. Nimetoa sarafu ya marehemu mume wangu, Baba Neema, kwenye bahasha. Mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu za kale alimwachia. Jumamosi chama chao cha wakusanyaji kina maonyesho, na walimwahidi nafasi kabla hajafa: sarafu yake, jina lake pembeni.
Ni fedha ya Waoreski, kabila la kale la Wathrakia. Pichani nusu mtu nusu farasi, amembeba mwanamke. Baba Neema alisema huyo ndiye yeye, siku lifti ilipoharibika Berchem akanibeba ngazini.
Ilikuwa nyeusi. Niliona aibu kuipeleka hivyo. Nimeisugua kwa dawa ya meno na mswaki laini, kama vijiko vya wageni. Inang'aa.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea Bwana Willem, katibu wa chama. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Madame, nani kaifanyia hivi?"
Mimi. Nilitegemea asante.
Weusi ule ulijijenga miaka elfu mbili na mia tano, na ndio thamani yake, alisema. Watapiga kura Alhamisi kama itaingia kwenye maonyesho.
Nilishuka kituo kisicho changu.

Jumatano, 5 Machi
Sili. Napanga kabati, napangua. Nilikwenda Matonge kusukwa, nikashindwa kutulia. Maman Béa, msusi wangu, alicheka. "Ata miye ningesafisha, maman! Bon, tuliza kichwa, nitasuka sikio." Nikacheka. Kisha nikalia. Akanishika bega.

Alhamisi, 6 Machi
Simu haijalia. Nimeichaji mara mbili ikiwa imejaa.
Waoreski hawakuandikwa na mtu, alinieleza Baba Neema. Wanajulikana kwa sarafu zao tu. Na mimi nimeisugua moja. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana Willem amepiga asubuhi. Imepita kwa kura moja. Sharti: kadi iseme ilisuguliwa. Ataandika tu kwamba haijulikani nani, alisema, kunisitiri. Nilizunguka jikoni na simu sikioni.
Nikamwambia aandike ni mke wa Baba Neema. Aandike na jina langu.

Jumamosi, 8 Machi
Iko kwenye kabati la kioo, pembeni, karibu na dirisha. Zingine nyeusi, yake nyeupe. Jina lake juu. Langu chini, na nilichofanya.
Watu wanainama, wanasoma, wananitazama. Mmoja alitikisa kichwa.
Nilisimama hapo hapo mpaka walipofunga.