Wagonjwa Arobaini na Mmoja Wasiokuwepo

Mpendwa Mama Aune,

Naomba msaada wako kabla sijammwagia mtu kahawa ya moto kichwani, maana hasira niliyo nayo hainiachi hata nikiwa saunani, kwenye chumba chetu cha kuogea mvuke, mahali ambapo mama yangu alinifundisha kwamba mtu haingii na ugomvi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, kazi yangu ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijawafikia watu, yaani nalipwa kutafuta makosa, na kazi hii sikuisomea chuoni, nilikuwa mwoka mikate mpaka kiwanda kilipofungwa, nikaokotwa na klabu ya wajaribu programu wanaokutana kila Jumanne jioni katika chumba cha maktaba hapa mjini Jyväskylä, na kila ninachokijua nimekijulia pale. Tunakaa watu saba mbele ya skrini moja, mmoja anashika kibodi lakini haruhusiwi kufanya lake, anafanya anachoambiwa na wa pili, wengine wanatazama na kuandika, na kila baada ya dakika tano tunabadilishana, ili mjuzi asijifiche kwenye ujuzi wake na mgeni asijifiche kwenye ugeni wake. Mwishoni kila mtu anasema kosa aliloliona na kosa lililompita. Juu ya birika la kahawa tumebandika sheria yetu: kosa halitoki chumbani bila kuandikwa.

Sasa sikiliza. Kiongozi wetu Jarkko, ambaye ndiye aliyenifundisha, anafanya kazi kwenye kampuni iliyotengeneza tovuti ya kuombea miadi ya kliniki moja ndogo ya macho, na aliahidi kutuletea nakala ya mazoezi, ile ambayo hata ukiivunja haumii mtu, lakini Jumanne iliyopita nakala ikagoma kufunguka, watu wameshamaliza maandazi ya iliki na wanasubiri, naye akafungua kitu kingine akasema haya, twende. Zamu ya kibodi ilikuwa yangu. Nikauliza, "Jarkko, hii ni nakala au ndiyo yenyewe?" Akasema, "Wewe kanda unga tu, tanuri niachie mimi," wote wakacheka, na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Tukaanza kubuni wagonjwa, mmoja jina refu kama treni ya mizigo, mmoja amezaliwa tarehe ishirini na tisa Februari, mmoja amezaliwa mwaka 1812 na tovuti ikampa saa nne asubuhi bila kushtuka, tukapiga makofi. Wagonjwa arobaini na mmoja, kila mmoja na namba ya simu ya kubuni, na tisa wa kwanza niliwathibitisha kwa kidole changu mwenyewe. Tulipomaliza Jarkko akataka kuwafuta, ndipo tukaona uso wake unavyobadilika rangi. Kufuta miadi ni lazima uingize namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mgonjwa, na wagonjwa wetu hawana simu kwa sababu hawapo. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Daktari huja siku mbili tu kwa mwezi, na siku zote mbili tulikuwa tumezijaza sisi.

Jarkko akasema, "Jamani, hili hatuandiki. Bosi akijua nimeifungua mbele ya watu, kazi sina, na klabu imekufa."

Outi, mkongwe wetu, akamuuliza, "Na wagonjwa wa kweli je?"

"Watajaribu mwezi ujao. Halafu kosa ni la tovuti, si ndiyo iliyotukubalia?"

Tulivaa makoti tukaondoka.

Mama Aune, jirani yangu wa ghorofa ya chini anaitwa Hilkka, ana miaka sabini na nane na presha ya macho, dawa yake ya matone inakwisha na haongezewi mpaka apimwe. Jana Jumamosi nilimkuta kwenye ngazi akipapasa ukuta. "Nafasi zimejaa, mwanangu," akaniambia, "zote. Sijui mji mzima umepofuka siku moja." Nikamshika mkono nikamteremsha, na sikusema neno. Daktari anakuja Alhamisi hii. Nikisema, nitakuwa nimemuuza mtu aliyeniokoa nilipokuwa sina kitu, nikinyamaza siwezi tena kupita kwenye ngazi zile, na leo Jarkko kanitumia meseji: "Usituletee ushujaa, dada. Kumbuka ulikotoka." Nifanyeje? Nimkasirikie yeye au nijikasirikie mimi?

Mimi Niliyebonyeza

*

Niliyebonyeza,

Barua yako nimeisoma leo Jumatatu asubuhi na jibu nakutumia sasa hivi kwenye anwani uliyoniachia. Wasomaji wengine watalikuta gazetini wakati wake. Alhamisi haingoji gazeti.

Pole. Nakupa pole hiyo mwanzoni kwa sababu sina nyingine.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa mapokezi ya kliniki miaka ishirini na sita. Namjua mtu anayeambiwa nafasi hakuna. Hagombi. Anasema asante, anakata simu, na unajua kabisa kwamba hatapiga tena mpaka aanguke. Hilkka wako alisema asante, nina hakika, huku saa nne ya asubuhi amepewa mtu wa mwaka 1812 na ninyi mnapiga makofi. Nimekasirika mpaka kahawa yangu imepoa, na mimi sipoozi kahawa.

Umkasirikie Jarkko? Mkasirikie, anastahili. Aliyekufundisha kuona makosa hana haki ya kukuambia ufumbe macho likija la kwake, na hilo "kumbuka ulikotoka" si neno la mwalimu, ni neno la mtu anayetaka kukuweka mfukoni. Ulikotoka ni kiwandani, ambako mkate ukiungua mwokaji anasema umeungua. Kumbuka hapo hasa.

Lakini na wewe usijifiche nyuma ya ubaya wake. Uliuliza swali sahihi, ukachekwa, ukaliacha. Halafu tangu Jumanne mpaka Jumapili ulijua. Ulimshika bibi wa watu mkono ukamteremsha ngazi na ukajiona mwema, na miadi yake mmeikalia ninyi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii maradhi si yako hata uyafiche.

Na hiyo ya kwamba tovuti iliwakubalia, mwambie Jarkko mlango usiofungwa haujamkaribisha mtu. Tovuti ina kosa, ndiyo. Liandikeni pia, chini ya lenu.

Sasa inuka. Kabla hujala chakula cha mchana piga simu kliniki, mapokezi, si kwenye kampuni. Wa mapokezi anaweza kufuta miadi kwa mkono wake bila namba yoyote ya siri, nimefanya hivyo maelfu ya mara. Uwe na majina yote arobaini na moja mezani. Mnaandika kila kitu ninyi, kwa hiyo orodha ipo, na kama si kwako iko kwa Outi, ambaye naye anangoja mtu wa kuanza. Mwombe wa mapokezi awapigie waliokosa, akianza na mwenye matone yanayokwisha.

Ukimaliza ndipo umpigie Jarkko, umwambie umeshasema. Usimwambie unataka kusema, maana atakulilia na wewe utalainika.

Kwa Hilkka nenda mwenyewe, leo, mikono mitupu. Usipeleke maandazi. Mwambie ulichofanya kwa sentensi fupi na usimwombe akuhurumie. Akikufungia mlango, mlango ni wake.

Kazi yako huenda ikatikisika, sitakudanganya. Lakini mwajiri anayemfukuza mtafuta makosa kwa sababu amesema kosa lake atakuwa na programu mbovu sana.

Klabu usiihame. Jumanne nenda mapema, ukae kiti kilekile. Ujuzi wenu ni mzuri kuliko adabu yenu, na adabu inafundishika kwa kupokezana vilevile mnavyopokezana kibodi. Kuanzia sasa, kabla ya andazi la kwanza, mgeni kuliko wote aulize: nakala au yenyewe? Hakuna anayegusa kitu mpaka aonyeshwe kwa macho yake, na atakayemcheka aoshe vikombe mwezi mzima. Nakala ikigoma, kuleni mwende nyumbani. Na klabu ikifa kwa sababu mmoja wenu alisema kweli, basi ilikuwa klabu ya kahawa, na kahawa hata kwangu ipo.

Jioni hii andika ripoti kwa kampuni ya Jarkko, kama unavyoandika kosa lolote: tulifanya nini, tulitegemea nini, kikatokea nini. Usiniandikie "makosa yalitokea", makosa hayana miguu. Na chini usitie "Niliyebonyeza", hilo niachie mimi. Tia jina ulilopewa na mama yako. Katika orodha yote ile, litakuwa jina la kwanza la mtu aliyepo.

Aune