Cheo cha Shahidi

Tarehe 3 Mei

Kwako Dada yangu mpendwa,

Nianze kwa kukuarifu kwamba bila mimi mji huu usingefunguliwa asubuhi. Utabisha, lakini ndege yetu ilipotua, mlango haukufunguliwa mpaka niliposimama mimi. Ofisa wa uhamiaji akanishika mkono kwa heshima, akaniita mheshimiwa mara tatu, abiria wengine wamebaki midomo wazi. Mguu wako je? Uvimbe umepungua? Usiukanyagie cherehani kabla daktari hajasema. Mimi ni mzima kama chuma cha reli, ila nyayo zinawaka moto.

Zinawaka kwa sababu ya mwanao na huyo mchumba wake fundi lifti. Dada, nimekuja kuozesha au nimekuja kupima ardhi? Asubuhi daraja, mchana jumba la makumbusho, jioni soko la maua. "Mjomba, njoo uone hiki. Mjomba, simama hapa tukupige picha." Wamefanya kazi mji huu miaka mitatu bila kuutazama, sasa wameamua kuumaliza wote kabla ya harusi, na mimi nimo katikati yao kama mkoba. Jana tumepanda mnara kwa miguu, ngazi mia nne. Nikamuuliza mkwe, "Wewe si fundi lifti? Lifti iko wapi?"

Akanijibu, "Mimi niko likizo, Mjomba, na lifti nayo iko likizo."

Mkwe gani huyo! Anajichekesha mwenyewe, na mwanao anamsaidia kucheka.

Ila usihofu, bila mimi wangepotea siku ya kwanza. Mimi ndiye ninayetangulia, wao wananifuata.

Kesho tunapeleka fomu za ndoa. Barua hii mwanao ataipiga picha akutumie kwa simu. Nimemkataza kusoma. Naona anasoma.

Ni mimi mdogo wako,
Mjomba wa bibi harusi na mkuu wa msafara


Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Nimeipata barua yako, nashukuru umefika na viungo vyote. Mguu bado, nimeutandaza juu ya stuli na nashona kwa mkono. Huyo ofisa alikushika mkono kukuondoa, kwa sababu ulisimama kwenye mstari wa marubani. Mwanangu amenieleza.

Sasa nisikilize, usinisomee mbiombio. Sikukutuma ukaongoze mji wa watu. Baba yake binti hayupo duniani, mimi mguu umenifunga, tumebaki na wewe. Ofisi ile, kama bibi harusi ni mgeni, inataka ndugu yake wa damu aape kwamba anamjua tangu utotoni na kwamba hana mume kwingine. Bila ndugu huyo hakuna ndoa. Na mkwe anaondoka tarehe ishirini na sita kwenda kufunga lifti za mgodini, miezi kumi harudi. Umeelewa? Kazi yako ni moja: kaa kwenye kiti, sema ukweli, tia sahihi.

Ningekuwa nimemtuma mtu mwingine ningelala usingizi. Wewe nakujua. Ulipokuwa mdogo Mama alikutuma sindano, ukarudi unahema, unasema umepigana na chui. Habari za huyo chui tulizisikia mpaka usiku. Sindano hatujaiona mpaka leo.

Dada yako


Tarehe 15 Mei

Dada mpenzi, tulizo la moyo wangu,

Habari za hapo? Mguu, majirani, wateja wasiolipa, wote wazima? Sisi hatujambo isipokuwa kijambo kimoja kidogo, nakuomba ukae kwanza.

Karani wa ndoa ni mama mmoja mwembamba ana miwani miwili, ya kwanza machoni, ya pili kichwani, sijui ile ya juu inaona nini. Siku ile tulipopeleka fomu alitupatia nyingine ya mashahidi. Palikuwa na kisanduku kimeandikwa "Kazi ya shahidi." Kisanduku kikubwa, Dada, upana wa kiganja. Na pembeni yangu amekaa baba yake mkwe, kajaza cha kwake: "Mhandisi wa madaraja." Kalamu yake hata haikutetemeka. Na mimi niandike nini hapo? Nikaandika "Mkurugenzi Mkuu, Hazina ya Nafaka." Kikajaa vizuri, haukubaki upenyo.

Leo tumeitwa. Karani anayo mbele yake karatasi yangu ya kuombea viza, imeandikwa "bawabu wa ghala." Na karatasi ile alijaza nani? Ni wewe! Kwa hiyo tusilaumiane.

Akaniuliza, "Nina watu wawili hapa. Yupi atakayeapa?"

Nikamwambia, "Wote."

Hakucheka. Anasema mtu aliyekosa ukweli juu yake mwenyewe hawezi kumwapia mwenzake. Anataka kabla ya saa nne asubuhi tarehe ishirini na mbili, siku yenyewe ya ndoa, nilete barua ya mwajiri, au nijaze fomu upya na kuisoma kwa sauti mbele ya wakwe, pamoja na barua ya mkubwa wa familia. Nikishindwa, faili linafungwa na wanaanza upya kusubiri wiki mbili. Mkwe atakuwa ameshazama mgodini.

Leo mwanao na mkwe walipanga tukapande kivuko tuuone mji kutoka mtoni. Nimewaambia mimi mwenyewe, twendeni jamani, wamekataa. Mkwe amekaa anatazama viatu vyake. Hata mzaha mmoja hajautoa, na mimi nilikuwa nimeanza kuizoea mizaha yake.

Sasa Dada, wewe una mwandiko wa kipadri. Niandikie mistari miwili kwamba ni mkurugenzi. Muhuri atakuchongea yule jamaa anayekaa jirani na duka la vitambaa. Jambo la dakika tano.

Mdogo wako unayempenda


Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: mzima, mnene, mwongo.

Unataka nighushi muhuri ili mwanangu aolewe? Nimeisoma barua yako kwa sauti nikiwa peke yangu, nikidhani labda nimekosea kusoma. Nikairudia. Jirani akachungulia dirishani kuuliza nagombana na nani. Nikamwambia na mtu wa tumbo la mama yangu.

Miaka yote nimekuacha useme. Umekuwa nahodha, umekuwa mganga wa ng'ombe, umekuwa shahidi wa ajali ambayo haikutokea. Nilinyamaza kwa sababu hukumdhuru mtu. Leo umemfikia mwanangu.

Alinipigia simu jana. Hakukusema vibaya, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza, "Mama, hivi Mjomba anatuonea aibu sisi, au anajionea aibu mwenyewe?" Mjibu wewe.

Chini hapa pana barua ya kumpa karani. Mpe kama ilivyo. Usipunguze, na ole wako uongeze.

Dada yako

"Kwa karani wa ndoa. Mimi ni mama wa bibi harusi. Shahidi ni mdogo wangu, tumbo moja. Kazi yake ni bawabu wa ghala la mahindi. Amefungua na kufunga lango lile miaka kumi na tisa, na halijapotea gunia hata moja. Anamjua binti yangu tangu siku ya kuzaliwa, kwa kuwa ndiye aliyekimbia kumwita mkunga kwenye mvua. Mengine ayasemayo yachukuliwe kwa tahadhari. Akisema binti huyu hana mume, hilo ni kweli."


Tarehe 21 Mei

Mdogo wangu,

Siku tano kimya. Mwanangu hapokei simu, mkwe hapokei, wewe huandiki. Kesho saa nne ndiyo mwisho. Umejaza karatasi kwa ajili ya mnara na ngazi zake, leo umeishiwa wino?

Nimekaa na simu mapajani tangu alfajiri. Hata kama umeharibu, niambie umeharibu.

Dada yako


Tarehe 23 Mei

Kwako Dada,

Mwanao ameolewa. Nimelitanguliza hilo ili upumue. Sasa endelea kusoma taratibu, na mguu uweke juu.

Kimya changu usikitafsiri vibaya. Nilikuwa najaza fomu. Nimeijaza mara sita. Tano za kwanza ziliniponyoka, kila nikifika kwenye kile kisanduku mkono unapanda cheo wenyewe. Mwanao nilimwomba, yeye na mkwe, wasikupigie wala wasipokee simu zako mpaka niimalize, akasema, "Mjomba, nakupa mpaka siku ya mwisho, ukishindwa nampigia Mama tulie wote."

Jana karani akaniambia nisome. Nikasoma kwa sauti ndogo. Akasema hajasikia. Nikasema, "Bawabu!" Dada, hata bawabu wa ofisi yao aligeuka.

Nikasema moyoni, haya, ardhi ipasuke. Kisha karani akaisoma ile barua yako, pole pole, na alipofika kwenye gunia mhandisi akaniinamia, "Miaka kumi na tisa, hata gunia moja?"

"Hata moja."

"Sisi hatujajenga daraja bila kuibiwa nondo. Unafanyaje?"

Nikamweleza tulipotoka ofisini. Nilimweleza saa nzima, njia nzima, mpaka kwenye kivuko. Niliongeza wezi wawili tu, na mmoja wao alikuwepo kweli.

Naam, kivuko tumekipanda. Na soko la maua tumerudi, na daraja tumelivuka wote tukiwa na nguo za harusi, wapita njia wanatupigia honi. Mkwe amempiga mwanao picha kila penye ukuta. Miguu yangu imekufa, nakuandikia nimeiloweka kwenye beseni. Lile swali la mwanao nimelijibu. Nimemwambia, "Sikuwaonea aibu ninyi." Akasema, "Najua, Mjomba," akaninyoosha tai. Alikuwa bado amenikasirikia kidogo, tai aliivuta sana.

Atakuambia kwamba jana nilikaribia kuchelewa ofisini. Bora nitangulie mimi. Nilikataa kwenda nao, nikasema shahidi haendi akisindikizwa kama mtoto wa shule. Nikatoka saa mbili kamili. Saa nne kasorobo nilikuwa bado nimesimama ng'ambo ya barabara, ofisi naiona, bango nalisoma, na magari hayaishi. Mwanao aliniona kutoka dirishani. Akashuka, akavuka akiwa ndani ya gauni ulilomshonea, akanikuta nimeshikilia nguzo ya taa.

Dada, sijawahi kutangulia popote katika mji huu. Barabara zake naziogopa. Mwezi wote huu mwanao ndiye aliyekuwa ananivusha, na jana pia alinivusha, mkono mmoja umeshika gauni, mwingine umenishika mimi.

Mdogo wako